Blogu Yangu, Ukurasa Wetu na Mashimo ya Nyambura

Nekesa,

Umeenda kusukwa, na kwa vile ninazijua nywele zako, hutarudi kabla ya saa kumi. Nimechukua daftari lako la zamani, nikang'oa karatasi za katikati, na ninaandikia hapa kwenye meza ya jikoni. Usianze kucheka mwandiko. Mimi nilifika darasa la tano, na wengi walionipita siku hizi hawawezi kuandika barua, wanajua tu kutumiana vidole gumba.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ule, uombe, ufunge mlango. Kama hayo hukuyashika miaka yote umelala kwangu, karatasi haitakusaidia. Kesho saa moja unaondoka na ninataka kwanza nijibu lile swali.

Ulipotoka kwa intavyuu Nairobi ulikuja ukicheka. Ukasema walikuuliza hivi: watu kumi wakitaka kuandika kitu pamoja kwa mtandao, heri blogu ama heri wiki? Na wewe ukawajibu kama mtu anayesoma ubaoni. Blogu ni ya mtu mmoja kusema, mpya inakaa juu, wengine wanatoa maoni chini. Wiki, na si ya siku saba, ni ukurasa ambao kila mtu anaingia na kubadilisha, mpaka wote wanajenga kitu kimoja. Wakakupa kazi. Nikakuchinjia kuku, hilo huwezi kunidai. Lakini jibu lako halikunikalia vizuri, na mpaka leo halijakaa. Ni jibu la daftari. Hivyo vitu viwili vyote vimeniuma mimi, na ni wewe uliyeniletea vyote viwili, na katikati yake kuna jambo moja hujui.

Nimeinuka kuangalia maharagwe. Mawingu yamekaa upande wa Londiani tangu asubuhi, meusi kwa chini, na bado hayajaamua. Ndiyo maana situlii.

Blogu ilianza kwa sababu nilikuchoka. Ulikuwa umemaliza chuo, kazi hakuna, unashinda na simu mpaka kuku wanaingia jikoni na wewe huwaoni. Nikasema kama lazima ushike hicho kitu, basi andika la maana. Ukaniuliza lipi. Nikakuambia andika vile ninasema. Mimi nachambua mboga, wewe unaandika, halafu unanisomea. Ukaiita Shamba la Kukhu, yaani la nyanya kwa lugha yetu.

Sitajifanya sikuipenda. Niliipenda kuliko vile ulijua. Watu wa Njoro na Subukia, watu sijawahi kuwaona, wakawa wanauliza Kukhu anasemaje juu ya viwavi. Siku ile nilienda kununua dawa ya mbuzi, yule kijana wa dukani akanisikia nikibishana akasema, "Mathe, hiyo sauti naijua. Si wewe ndiye yule Kukhu wa mtandao?" Kuanzia hapo nikawa navaa kitambaa cha Jumapili hata nikienda kusaga unga. Ulidhani ni kwa ajili ya vumbi.

Na nitakuambia uzuri wa blogu, ule hukuwaambia hao watu wako wa Nairobi. Blogu ina mdomo. Mtu akisoma anajua ni nani anaongea. Akiwa na kisa na mimi anajua kwangu ni wapi. Maneno yangu yalikaa vile niliyasema, na ukali wake, na hakuna mtu aliweza kuja usiku kuyalainisha.

Ubaya wake unatoka hapo hapo.

Unakumbuka ile ya kupanda kavu. Mwaka juzi, mwezi wa tatu kama huu. Nilisema mwerevu hangoji mvua, anaweka mahindi kwenye vumbi, mvua ikija ikute mbegu iko kazini tayari. Nikasema anayengoja udongo ulowe ni mvivu anayetafuta sababu. Ulinisomea mara mbili na nikakataa uondoe neno mvivu. Hapa kwetu juu, kwa udongo mwekundu, nimepanda hivyo tangu babu yako akiwa bado anafanya kazi ya reli, na sijawahi kulala njaa.

Kabla siku tatu hazijaisha Mama Cherono, jirani wa kule chini, akapanda mlima kuja kwangu. Wewe ulikuwa umeenda Nakuru. Hakukaa hata kunywa chai. Akasema, "Nasimiyu, yako ni ya huku juu. Kule kwetu kwa mchanga mvua ya kwanza inadanganya. Inanyesha siku moja, mbegu inaamka, halafu jua linaiua. Ongeza hilo, watu wanakusoma."

Nilijua anasema kweli. Nilijua kabla hajamaliza, maana nimeishi hapa miaka arobaini na si kipofu. Lakini alikuwa amesimama kwa mlango wangu ananifundisha kupanda mahindi, mimi. Nikamwambia blogu ni yangu, na yeye akitaka kusema lake aandike chini pale kwa maoni. Akaenda, Faith mke wa mtoto wake akamwandikia. Ukaniuliza kama tubadilishe yetu juu. Nikakuambia, nimeshasema.

Maoni yenyewe unayajua yanakaa wapi. Mpaka ubonyeze. Nani anabonyeza?

Sasa jambo ambalo hujui. Yule Nyambura aliyehamia kutoka Kihoto kule Naivasha, ambaye ziwa liliingia kwake mpaka kitandani akaja kukodi shamba kule chini kwa mchanga. Huyo alikuwa msichana wa maua. Miaka yote Naivasha alikata waridi ndani ya nyumba ya plastiki, ambako maji yanatoka kwa mpira na mvua ni kelele tu juu ya paa. Mahindi hakuyajua. Alikuwa na simu, na ndani ya simu alikuwa na mimi.

Nilimkuta siku moja nikitoka kusaga. Alikuwa amechutama shambani na kijiti, anachimbua mbegu moja moja. Zilikuwa zimetoa kile kimkia cheupe, halafu zikakauka nacho, kama kucha. Shamba lote, Nekesa. Akasimama akajipangusa mikono, akanisalimia vizuri. Akatoa simu akanionyesha maneno yangu mwenyewe. Akasema, "Kukhu, nilifanya vile ulisema. Nimesoma tena, sijui nilikosea wapi."

Hakunilaumu. Alikuwa ananiuliza, vile mtu anamuuliza mwalimu.

Nami nikamwambia, "Labda ulipanda juujuu. Mashimo hayakuwa na kina."

Hivyo tu. Nikachukua unga wangu nikapanda nyumbani. Nimesema maneno mengi makali maishani mwangu, mengine nilimwambia marehemu babu yako, na mengi yao sijayajutia. Hayo machache ya upole yaliyotoka siku hiyo ndiyo yananiamsha.

Nimetoka nje kidogo. Mawingu yamesogea.

Baada ya hapo ukaleta wiki. Ulisema kikundi chetu cha kina mama kina watu kumi na nane na kila mmoja anajua kitu, basi tuwe na ukurasa mmoja kila mtu aandike. Nilikataa na nilikuwa na sababu, hata kama ulininunia. Nilikuwa nimekwisha kuona chakula cha wengi.

Tulipomzika ndugu ya babu yako tulipika maharagwe kwa ile sufuria inayoingia mtoto. Wanawake ishirini wanapita. Mmoja anaonja, anasema haina chumvi, anatia. Mwingine anakuja na yeye haulizi, anatia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wageni walitoka mbali, wengine mpaka Webuye, na hawakuweza kula. Walikunywa maji tu na kutuangalia. Ukiuliza ni nani aliharibu, kila mtu aliweka kidogo tu.

Hiyo ndiyo wiki, nikakuambia. Kikundi kikakubali bila mimi, na ukurasa wetu ukaanza hivyo hivyo. Mmoja akaandika majivu kwa ajili ya wadudu wa ghalani, mwingine akaongeza pilipili, mwingine akatoa majivu. Ukisoma hujui nani anaongea. Hakuna ukali, hakuna kicheko, ni kama mtu mwenye mafua. Mimi nilisema wazi kwamba mtu akitaka kusikia sauti aende kwa blogu yangu.

Lakini sikukumalizia ile hadithi ya sufuria, kwa sababu mwisho wake haukunifaa. Kwenye matanga yaliyofuata tuliweka sheria. Anayetia chumvi analaza mwiko juu ya mfuniko na kufunga leso yake kwa mpini. Ukikuta leso, unajua chumvi iko, na unajua ni ya nani. Ukiona haitoshi unamwendea mwenye leso mnaongea. Tangu hapo wageni wetu wanakula. Sufuria ni ile ile na wanawake ni wale wale.

Na wiki yako ilikuwa na leso. Nilifanya kama sikuiona.

Mama Cherono, kupitia Faith, aliingia kwa ule mstari wangu wa kupanda kavu, ulionakili kutoka kwa blogu, akaandika kwamba kwa mchanga usubiri. Nikakuambia ufute. Ukafuta. Akarudisha. Nikakuambia ufute. Tulifanya hivyo kama wendawazimu, wazee wawili wanaokaa benchi moja kanisani, tunaimba kitabu kimoja, halafu tunarudi nyumbani kutuma watoto kufutana. Mpaka siku ile uliniletea simu. Ulifungua ule ukurasa wa nyuma, unaoonyesha nani alifanya nini. Nasimiyu ametoa. Nasimiyu ametoa. Nasimiyu ametoa. Nasimiyu ametoa. Mara nne, na kando yake maneno niliyotoa, yote, hakuna lililopotea.

Nilikwambia uzime hiyo takataka na tukanuniana siku nzima. Ulidhani nimekasirika. Niliona aibu, na kwangu hizo mbili zina uso mmoja, nisamehe.

Ukitaka kujua ni lini nilianza kuwa hivi, sijui. Mama yako alipokuwa na umri wako alisimama hapo hapo kwa mlango wa jikoni akaniambia nimemkosea mbele ya watu, na akanieleza vizuri, bila kupiga kelele. Nikamjibu, nimeshasema. Akaenda Naivasha kwa maua. Akinipigia simu mpaka leo tunaongea mvua. Anauliza imenyesha, namwambia bado, anasema huku pia bado. Yeye anaandika maoni yake chini, na mimi sibonyezi.

Basi leo, ulipotoka tu hapo getini, nilivaa gambuti nikateremka kwa Mama Cherono. Sijafika kwake tangu mavuno. Alikuwa anapepeta mbegu. Hakuinua kichwa.

"Nasimiyu, leo umepotea njia?"

Nikamwambia nimekuja anirudishie ule mstari.

"Upi? Ule ulifuta mara nne, ama kuna mwingine sijaona?"

Nilistahili. Nikasema ule ule. Akaendelea kupepeta, makapi yote yananijia mimi, na nina hakika alikuwa amechagua kukaa upande huo wa upepo. Halafu akamwita Faith alete simu. Nilidhani watatoa langu waweke lake, na nilikuwa tayari. Lakini yeye akasema hapana, la Nasimiyu lisitolewe, si uongo, ni la huku juu. Tukakaa tukabishana maneno, na Faith anaandika, anafuta, anaandika. Sasa linasema hivi: udongo mwekundu huku juu, panda kavu; mchanga kule chini, ngoja mvua iingie ardhini kina cha kiganja, halafu ngoja siku moja zaidi. Chini yake yako majina mawili. Ni mstari mzuri. Mimi peke yangu singeutunga, na yeye peke yake angeufanya mrefu kama mahubiri.

Kwa hivyo wiki imerekebishwa. Blogu bado. Ile nguo yangu chafu bado inaning'inia huko juu na jina langu, na hii mvua ikija kuna mtu mahali atafungua simu asome. Nimekuandikia maneno ya kuweka. Yanakili vile yalivyo, leo, kabla hujafunga begi:

"Mimi Kukhu Nasimiyu nilisema mwaka juzi kila mtu apande kavu. Kwa watu wa mchanga nilikosea. Jirani aliniambia mapema na nikakataa kusikia. Mama mmoja alinifuata akapoteza mbegu yote. Alipanda sawasawa. Kosa ni langu."

Usifute ile ya zamani. Weka hii juu yake. Wakitaka kucheka, wacheke wakiwa wameona zote mbili. Na usilainishe.

Nimesoma hayo maneno tena na siwezi kuketi hapa. Nimeiandikia dunia nzima kwamba alipanda sawasawa, na yeye mwenyewe sijamwambia. Yuko mwendo wa dakika ishirini. Maharagwe yameiva, nimeyaepua.

Nimerudi. Usiulize tope limefikaje kwa karatasi.

Nilisikia jembe kabla sijamwona. Nyambura alikuwa ndani ya shimo, Nekesa. Shamba lote limechimbwa, mstari kwa mstari, mashimo marefu yanayofika kwa kiwiko. Ungedhani anapanda nguzo za stima. Mbegu ingeozea huko na isingeona jua. Nikamuuliza anafanya nini na nilikuwa najua. Akasema, "Si uliniambia ni kina, Kukhu? Mwaka jana mgongo ulikuwa unaniuma, nikangoja tu mvua kama wengine, kama mvivu. Mwaka huu nikasema lazima nifanye vile Kukhu alisema, nipange vizuri."

Ndoo ya mbegu ilikuwa pembeni, imefunikwa na leso. Nikaikalia. Nikamwambia kina kilikuwa sawa. Nikamwambia ni mimi nilikosea, na niliambiwa, na siku ile alinionyesha mbegu nilijua na nikadanganya. Yote hayo nilisema nikiangalia gambuti zangu.

Hakulia wala hakunitukana. Alisimama na jembe akiangalia yale mashimo, moja baada ya jingine, na mimi nikawa nayahesabu pamoja naye. Halafu akasema, "Kwa hivyo nilipanda sawa."

"Ulipanda sawa."

"Miaka hii yote miwili nilikuwa najiambia mimi ni mjinga."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Basi simama hapo kwa mbegu yangu, uchukue lile jembe lingine, unisaidie kufukia."

Tumefukia mpaka tumefika nusu, mgongo wangu hausikii amri, na kesho ukishaondoka narudi kumalizia. Nilimuuliza kama alikuwa na shaka hata kidogo na maneno yangu. Akasema alikuwa nayo. Lakini mimi ni mkubwa, na ni mtu wa mtandao, angeniambiaje?

Hilo ndilo nataka uende nalo. Huko unakoenda utakuwa na blogu na wiki na vitu vingine sitavijua, na utapanda cheo kwa sababu una kichwa changu. Siku moja utakuwa wewe ndiye mkubwa na watu watanyamaza. Usifurahie huo ukimya. Jina lako liweke kwa kila kitu unachosema, usijifiche nyuma ya wengi. Halafu acha mlango ambao mtu kama Nyambura anaweza kuingia nao akabadilisha, bila kukuomba ruhusa na bila kukuogopa.

Nami ninaanza na wewe. Faith atanishikia simu kuanzia kesho. Ukiwa huko ukisoma neno langu ukaona halikai, usiniandikie maoni chini ya ukurasa na usinipigie kuniuliza kwa adabu. Ingia, badilisha, uweke jina lako. Nitakasirika siku mbili. Siku ya tatu nitamwambia Faith anionyeshe ulibadilisha nini.

Nasikia geti. Umesukwa vizuri, ingawa ni nyembamba mno na zitakuuma kichwa. Barua naiweka ndani ya begi, juu ya sweta, uione kabla hujafunga.

Kukhu wako,
Nasimiyu